Mwongozo kamili: jinsi ya kuanza kazi ya mizigo na abiria kwenye Air Force ya Marekani

Watu wakisikia Air Force kichwani anawajia rubani na miwani nyeusi, ukiwaambia kuna kikosi kizima cha vijana ambao kazi yao ni kupakia mizigo na kupokea abiria wanakuangalia kama unawatania. Lakini ndege haipai bila hao vijana. Kazi yao inaitwa Air Transportation, namba yake ni 2T2X1, wenyewe kwa wenyewe wanaitana Port Dawg, na kwa mtu aliyefika Marekani na cheti cha sekondari na mgongo mzima ni moja ya milango ambayo haijabanwa sana. Haitaki digrii, haitaki miaka ya kusoma, na ukitoka unabaki na ujuzi ambao kampuni za mizigo zinautafuta. Tatizo wengi wanasaini hata hawajui wanasaini nini, wanakuja kushtuka wakiwa juani kwenye rampu, yaani uwanja wanakoegesha na kupakia ndege.

Kwanza jua kazi yenyewe

Wengi wanachanganya Port Dawg na lodimasta. Lodimasta anaruka na ndege, ni mmoja wa kruu, yaani timu inayoruka na ndege, na mzigo ukishaingia ndani yeye ndo mwenye kauli ya mwisho. Akikataa paleti yako, yaani ubao bapa unaopangiwa mzigo, imekataliwa, shusha urekebishe, usibishane naye. Port Dawg anabaki chini, anapokea mzigo, anaupima, anaujenga juu ya paleti, anaupeleka mpaka mlangoni mwa ndege, na upande wa pili anashughulika na abiria na mabegi yao. Kwa hiyo kama ndoto yako ni kuruka, omba ulodimasta, usiingie huku ukitegemea utahamishwa baadae.

Kikosi chao kinaitwa aerial port, chukulia kama bandari ila ya ndege. Ndani kuna vitengo vingi na utazungushwa: kuna stoo ya mizigo wanakojenga paleti, kuna rampu wanakopakia, kuna mizigo maalum kama milipuko na kemikali, kuna wapangaji wa mzigo wanaokaa kwenye kompyuta na kuamua nini kikae wapi ndani ya ndege, kuna chumba kinachoratibu yote hayo kwa redio usiku na mchana, kuna kaunta ya abiria. Na kuna kitengo cha usafi wa ndege ambacho marikruta, wale maofisa wa kuandikisha watu jeshini, hawakitaji kabisa, huko unapeleka chakula cha kruu, unasafisha ndani na unanyonya choo cha ndege kwa lori. Ndio, choo. Mgeni ana nafasi nzuri ya kupitia huko kwahiyo ujiandae kisaikolojia.

Hatua ya 1: hakikisha unaruhusiwa kuingia

Sheria ya Marekani inaruhusu raia na wenye grini kadi, pamoja na makundi machache mengine kama watu wa Palau, Micronesia na visiwa vya Marshall. Viza ya mwanafunzi au ya matembezi haikuingizi. Na hapa niseme kwa herufi kubwa, HAKUNA WAKALA WA KUKUINGIZA JESHI LA MAREKANI KUTOKA AFRIKA. Jeshi halimwombei mtu viza, na kujiandikisha ni bure mwanzo mpaka mwisho, hakuna ada ya fomu wala ya vipimo. Mtu akikuomba hela ya "nafasi" huyo ni tapeli, mblok uendelee na maisha.

Umri unaanzia 17 kwa ridhaa ya mzazi, 18 kwa ridhaa yako mwenyewe, na Air Force mwaka 2023 ilipandisha mwisho kutoka 39 mpaka 42, kwahiyo wale wa "mi nimeshazeeka" bado mna nafasi. Cheti cha sekondari cha nje kinakubalika ila lazima kifanyiwe tathmini kuonyesha kinalingana na cha kule, anza mapema maana inakula muda. Kama ni mwanaume kati ya 18 na 25 uwe umejiandikisha Selective Service, daftari la serikali la wanaume wanaoweza kuitwa jeshini, hata wenye grini kadi inawahusu.

Wenye grini kadi kuna jambo lingine. Kazi zote zinazotaka kibali cha siri ni za raia tu, kwahiyo listi yako itakuwa fupi kuliko ya mzawa, na listi hiyo inabadilika. Muulize rikruta moja kwa moja: "2T2X1 leo iko wazi kwa asiye raia?" Asijibu kwa kukumbuka, aangalie kwenye mfumo ukiwa umekaa hapo hapo.

Hatua ya 2: karatasi kabla ya rikruta

Hapa ndo watu wetu wanakwama kuliko hata kwenye mtihani. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, pasi ina matatu, cheti cha shule kina jina la babu limeandikwa kivingine, grini kadi imegeuza jina la mwisho likawa la kwanza. Nyumbani tumezoea kuona ni mambo madogo, ila kwenye uchunguzi wa historia yako kila tofauti inataka maelezo. Zipange zote mezani, ukikuta tofauti zishughulikie kwanza au uwe na hati ya kuthibitisha kwamba wote hao ni wewe.

Halafu andika listi ya anwani zote ulizoishi miaka ya nyuma na tarehe zake, kazi zote, safari za nje, ndugu walioko nje na namba zao. Utaulizwa. Mtu aliyehamahama kwa washkaji mara nne kwa mwaka akikaa mbele ya ile fomu bila listi anaanza kubuni tarehe, na tarehe za kubuni ndo zinazokuletea maswali.

Leseni ya udereva kama huna, itafute sasa. Kazi yote hii ni ya kuendesha vitu, foklifti, malori ya kupakia, magari ya kukokota, na asiye na leseni ya kawaida anakuwa mzigo mwenyewe.

Hatua ya 3: ASVAB

Huu ndo mtihani wa kuingilia. Kuna alama ya jumla inaitwa AFQT inayopimwa kuanzia 1 mpaka 99, hiyo sio asilimia ya maswali uliyopata, inaonyesha umewapita watu wangapi kati ya 100. Ukipata 50 uko katikati. Inatoka kwenye hesabu na kiingereza tu, yaani maana za maneno, kusoma habari, mafumbo ya hesabu na aljebra. Halafu kuna alama za makundi manne, mechanical, administrative, general na electronic, na hizo ndo zinafungua kazi moja moja. Kwa Air Transportation angalia sana mechanical na administrative, na kiwango chake hakiko juu.

Ushauri wangu ni usiende kwa mazoea. Aliyesoma hesabu shule za nyumbani mara nyingi hesabu anaziweza, kinachomwangusha ni msamiati na spidi. Soma kiingereza kila siku na ufanye majaribio ya bure ya mtandaoni kwa saa, sio kwa raha zako. Ukifeli unaruhusiwa kurudia baada ya mwezi, lakini mwezi huo rikruta ana watu wengine mezani. Na hata kama kazi unayotaka inataka alama ndogo we piga kubwa, maana ikifungwa siku hiyo uwe na pa kuangukia.

Hatua ya 4: MEPS

MEPS ni kituo cha vipimo na usajili, mnaamshwa alfajiri sana na siku yote ni foleni. Macho, masikio ndani ya kiboksi, damu, mkojo, na kuna mazoezi ya viungo ikiwemo kutembea umechuchumaa kama bata. Masikio yalinde wiki nzima kabla, achana na spika kubwa na mziki wa klabu, kipimo cha kusikia kinaangusha watu wazima kabisa.

Utasikia watu wanakwambia "ukiulizwa ugonjwa sema hapana kwa yote". Huo ushauri umepitwa. Siku hizi mfumo wao wa MHS Genesis unaweza kuvuta rekodi zako za hospitali za Marekani, kwahiyo unasema hujawahi kutumia pumpu ya pumu na wao wanasoma tarehe uliyoandikiwa. Kusema uongo ili uandikishwe ni kosa la kijeshi, na kwa asiye raia linaweza kuja kukuharibia hata uraia. Sema ukweli na leta makaratasi ya dokta, kuna vitu vingi vinaombewa msamaha na vinapita.

Hatua ya 5: mkataba, soma kama unanunua kiwanja

Kuna namna mbili za kuingia. Moja unaahidiwa kazi yenyewe, imeandikwa. Nyingine unaahidiwa kundi tu, mfano mechanical, halafu ukiwa mafunzoni wanakuchagulia kazi yoyote ndani ya kundi hilo. Ukikubali kundi halafu ukapewa kazi usiyoitaka hakuna wa kumlalamikia. Kwahiyo kama unataka Air Transportation usinyanyue kalamu mpaka uone 2T2X1 kwenye karatasi. Neno la rikruta sio mkataba, hata awe mtu mzuri namna gani, hata awe wa kwenu.

Muda ni miaka 4 au 6 ya kazi kamili, lakini jumla ya deni lako kwa jeshi ni miaka 8, inayobaki unakaa akiba na wanaweza kukuita. Kama una kredit za chuo, peleka hati zake kabla ya kusaini maana zinaweza kukuanzisha cheo cha juu na mshahara wake. Kuhusu hela, kuanzia mwezi wa nne 2025 mshahara wa msingi wa cheo cha chini kabisa baada ya miezi minne ya mwanzo ulikuwa dola 2,319 kwa mwezi, na huwa unaongezwa karibu kila mwaka. Ukiona ni ndogo kumbuka matibabu hulipi, na ukiwa bwenini kodi hulipi.

Ukishaapa unaingia kwenye kipindi cha kusubiri tarehe. Tumia huo muda kukimbia, push-up na sit-up, na kubeba vitu vizito kwa njia sahihi, magoti sio kiuno.

Hatua ya 6: mafunzo ya mwanzo na shule

Mafunzo ya mwanzo ni Lackland, San Antonio, Texas, wiki saba na nusu. Hapo sina maneno mengi. Utapigiwa kelele, utakunja nguo kwa vipimo vya rula, mwishoni kuna zoezi la uwanjani linaitwa PACER FORGE, na karibu kila mtu mwenye akili timamu na miguu miwili anamaliza. Usiwe wa kwanza wala wa mwisho. Joto la Texas ndo adui, kunywa maji.

Shule ya kazi iko Fort Lee, Virginia, ndani ya kambi ya jeshi la nchi kavu. Ukisoma makaratasi ya 2023 mpaka 2025 utaikuta kwa jina la Fort Gregg-Adams, ni hapo hapo. Shule ni fupi ukilinganisha na ya mafundi wa ndege wanaosoma miezi na miezi, na kwa sababu ni fupi watu wanaichukulia poa, wakifika kituoni hawajui kupiga hesabu ya mzigo. Usiwe huyo. Mambo mawili ukiyashika vizuri shuleni utaheshimika wiki ya kwanza kazini: paleti na kitovu cha uzito.

Paleti yao ni ya aluminiamu yenye mbao nyepesi ya balsa ndani, inchi 108 kwa 88, lakini sehemu ya kuweka mzigo ni 104 kwa 84, kwahiyo pembeni kote unaacha inchi mbili. Ikiwa tupu ina paundi 290, inabeba mpaka 10,000, na ina pete 22 za kufungia, kila moja inavumilia paundi 7,500. Kabla hujaweka kitu unaikagua, kama bati limeachana na mbao au pete imekufa unaitupa pembeni. Haikai sakafuni moja kwa moja, chini yake unalaza magogo matatu ili foklifti iingie na uso wa chini usikwaruzike, maana huo ndo unaoteleza kwenye rola za ndege. Vizito chini na katikati, vyepesi juu, lebo ziangalie nje ili mtu asome bila kupanda, na kimo kwa kawaida kisizidi inchi 96. Halafu plastiki ya mvua, nyavu mbili za pembeni, moja ya juu, kaza. Ukiutikisa mzigo ukacheza, fungua uanze upya. Ni kazi ya kuudhi hasa usiku kwenye mvua, lakini ule mzigo ukihama hewani watu wanakufa.

Kitovu cha uzito sasa, yaani pale mzigo unapolingana mbele na nyuma. Chukua gari, ekseli ya mbele inabeba paundi 4,000 na ya nyuma 6,000. Pima kutoka ncha ya bampa ya mbele, ekseli ya kwanza iko inchi 30, ya pili inchi 160. Zidisha 4,000 kwa 30 unapata 120,000, zidisha 6,000 kwa 160 unapata 960,000, jumlisha ni 1,080,000, gawanya kwa uzito wote ambao ni 10,000, jibu inchi 108. Hapo ndo unabandika tepu pande zote mbili za gari, unaandika uzito na herufi CB (center of balance, ndo hicho kitovu), na mpangaji anajua aliweke wapi ili ndege isikae mkia chini. Hesabu ya darasa la saba kabisa, ila unaifanya saa tisa usiku kuna mtu anakupigia kelele kwamba ndege inaondoka, na ukikosea namba moja umeharibu zote. Fanya mazoezi mpaka iwe mdomoni.

Hatua ya 7: kituo cha kwanza

Utajaza fomu ya kupendelea vituo, halafu jeshi litakupeleka linakotaka. Bandari kubwa za ndani ni Dover kule Delaware, Travis California, Charleston, McGuire, Lewis-McChord. Nje kuna Ramstein Ujerumani, Yokota na Kadena Japani, na zamu za Mashariki ya Kati. Mimi ningependelea bandari kubwa kwanza, unachoka lakini unaona kila aina ya ndege na mzigo, wakati kituo kidogo unaweza kukaa mwaka mzima hujagusa C-5, lile lindege lao kubwa la mizigo.

Ndege zijue kwa namba. C-17 ina nafasi 18 za paleti na mzigo wake wa juu ni paundi 170,900, maana yake ukizijaza zote paundi 10,000 umeshazidisha, ndo maana mpangaji anaringa. C-5 ina nafasi 36. C-130J ya kawaida 6, ile ndefu 8. Malori ya kupakia nayo ni mawili makuu, Tunner linalobeba paleti 6 na Halvorsen linalobeba 3. Yamepewa majina ya watu wa daraja la anga la Berlin la 1948 na 1949, pale ndege zilipopeleka chakula na mahitaji kwenye mji uliofungiwa barabara, William Tunner aliyeliongoza na Gail Halvorsen, rubani aliyedondoshea watoto peremende. Kuendesha Tunner ukiliweka sawa na mlango wa ndege bila kuugusa ni ujuzi, na kuna mtu mmoja tu wa kumsikiliza, yule anayekuongoza kwa mikono. Ukimpoteza machoni, simama.

Upande wa abiria usiudharau. Kuna wanajeshi wenye oda, yaani amri rasmi ya safari, na kuna wanaosafiri kwa nafasi zilizobaki, Space-A, wenye ngazi sita za kipaumbele, wa likizo ya dharura ni wa kwanza na wastaafu wako ngazi ya mwisho. Utamwambia mzee na mke wake waliolala terminali siku mbili kwamba nafasi zimeisha tena, na utalazimika kumwambia kwa adabu. Halafu siku nyingine mambo yote yanageuka, kama Kabul mwezi wa nane 2021 watu walipokuwa wanahamishwa Afghanistan, C-17 moja iliruka na watu 823.

Baada ya hapo ni kupanda ngazi. Unaanza ngazi ya ujuzi ya 3, unasoma vitabu huku unasainiwa kila kazi unayoiweza mpaka ngazi ya 5, na baadae 7 ukiwa sajenti. Usikubali kusainiwa kitu hujakifanya kwa mkono wako, siku ya ukaguzi ni jina lako. Na ukipata nafasi ya kozi ya mizigo hatarishi ichukue kabla mwenzako hajaichukua. Betri za lithium, risasi, mafuta, asidi, kila kimoja kina daraja lake na nini kisikae karibu na nini, na mwenye saini ya hizo karatasi anatafutwa kila shift.

Uraia, shule na mlango wa kutokea

Mwenye grini kadi anza mambo ya uraia mapema. Fomu ni N-400, wanajeshi hawalipi ada, na unahitaji N-426 iliyosainiwa na jeshi kuthibitisha utumishi wako. Iulizie ukiwa bado mafunzoni, usisubiri ufike kituoni ambako karani hajawahi kuiona.

Akiba ya uzeeni, TSP, weka asilimia 5 kuanzia mshahara wa kwanza, serikali inakuongezea asilimia 1 mwanzoni na mpaka 5 ukishatimiza miaka miwili ya utumishi, kuziacha ni kugawa hela. Mafunzo yako yanahesabika kama kredit za Community College of the Air Force, chuo cha jeshi lenyewe, na GI Bill, mpango wa serikali wa kuwalipia wanajeshi masomo, inakusubiri mpaka miezi 36 ya chuo.

Na kama tayari una kazi au familia na hutaki kuhamahama, Air Force Reserve, yaani jeshi la akiba, ina vikosi vingi vya aerial port. Shule ni ile ile, paleti ni ile ile, wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka ukishamaliza mafunzo. Ila rikruta wa Reserve ni tofauti na wa jeshi la kudumu na hawagawani nafasi, kwahiyo mtafute wa kwake, na muulize kikosi kilicho karibu na unapoishi kina nafasi ya 2T2X1 kabla hujaenda MEPS.